Bafu la Mzee Nyambu Kule Mbale

Kabla hujanunua kigae hata kimoja, ingia bafuni na kikombe cha maji, uyarushe ukutani, kisha usimame uangalie. Maji yakinywewa polepole, ukuta uko sawa. Yakiteremka yote hadi chini, ujue ukuta umefungwa kwa rangi ya mafuta, na chochote utakachobandika juu yake kitakurudia miguuni. Yakipotea mara moja, ukuta una kiu, utanyonya maji yote ya simiti yako na kukuachia unga. Ukimaliza hapo, pangusa ukuta kwa kiganja. Kiganja kikitoka cheupe, bado hujaanza kazi.

Nawaambia hivi kwa sababu siku hizi nyinyi vijana mnapenda kujifanyia kazi za nyumba wenyewe. Hilo nalipenda. Lakini mkija kuniuliza, mnaniuliza rangi. Mwanifungulia simu mnionyeshe vigae vya kijivu, vigae vyenye maua, vigae vinavyofanana na mbao. Ukuta hamniulizi. Kigae kinafanya kile ambacho ukuta umekiruhusu kufanya, basi.

Mimi nilifundishwa na fundi Athumani, mtu wa Voi wa familia ya pwani. Kiswahili chake kilinyooka kama kuta zake. Mimi Mkamba wa Voi nilikuwa nikisema "ukuta hii", naye anasimamisha kazi. Alikuwa akiniambia kwamba ukuta usioweza kuutaja vizuri hutaweza kuusimamisha vizuri. Yeye ndiye aliyenifundisha kugonga. Unashika mwiko kwa upande wa chuma, unagonga plasta kwa mpini, taratibu, kutoka kona hadi kona, na unasikiliza. Plasta iliyoshika inajibu kwa sauti fupi. Iliyoachana na ukuta inajibu kama mlango wa kabati. Athumani alikuwa akifumba macho akigonga, na kwa mazoea akawa anagonga kila kitu, meza ya hotelini, matikiti sokoni, hata sanduku la mkaguzi wa tiketi siku moja tukisubiri treni. Mkaguzi hakupenda.

Sasa niwaambie habari za Mzee Nyambu, maana yeye alijifanyia mwenyewe kama nyinyi.

Nilimjua kwenye nyumba moja ya wageni pale Voi, miaka ya hamsini, wakati Wazungu wa treni na wawindaji walikuwa wakilala hapo njiani. Kazi yake ilikuwa bafu. Alichemsha maji kwenye pipa nyuma ya jiko, akayabeba kwa debe, akayachanganya na kuyapima kwa kiwiko, kisha akasimama nje ya mlango na taulo mpaka mgeni amalize. Mgeni akitoka, yeye anaingia kusugua vigae. Alianza kazi hiyo akiwa kijana, akaimaliza nywele zimekuwa nyeupe, na humo ndani hakuoga hata siku moja. Yeye alikuwa akiogea nyuma ya ghala kwa karai.

Mimi nilikuwa naitwa pale kurudishia vigae vilivyolegea. Nikifanya kazi, Nyambu anasimama nyuma yangu na maswali. Mbona nimevilaza vigae kwenye ndoo ya maji kabla ya kuvibandika? Nikamweleza kwamba kigae kikavu kinaiba maji ya simiti. Mbona naacha nafasi katikati? Kwa sababu ukuta unajinyoosha kwa jua na kujikunja kwa baridi. Alikuwa akiyarudia majibu yangu kwa sauti ndogo, kama mtu anayejifunza sala.

Alipostaafu, meneja alimpa masanduku mawili ya vigae vyeupe vilivyobaki. Nyambu akaja kwangu. Alisema kwamba huko kwao Mbale, juu milimani, amejengewa kijumba cha mawe nyuma ya nyumba, kina paa la mabati na mfereji wa kutoa maji, na sasa anataka kukitia vigae kiwe bafu la mke wake. Nikamwambia nina nafasi, nitamfanyia.

"Sikuiti unifanyie," akasema. "Nakuita unionyeshe. Hilo bafu nataka nilifanye kwa mikono yangu."

Tukapanda na lori la mboga lililokuwa likirudi tupu, tukapita Mwatate, tukapanda milima mpaka masikio yakaziba. Vile vigae alivipakata njia nzima.

Mke wake alikuwa anaitwa Mama Wakesho, kwa jina la binti yao aliyekwisha kuolewa. Alikuwa mrefu, goti moja bovu, na shamba lake limepangwa mistari kama daftari. Alinisalimu vizuri, akanipa kiti, akaleta uji. Mume wake alimwambia maneno machache ya Kidawida, lugha ya kwao huko mlimani, na kumwonyesha ghala la mahindi kwa kidole. Ndiko alikoweka mizigo yake, na ndiko tulikolala, yeye na mimi. Nilidhani ni kwa sababu ana mgeni. Baadaye nikajua kwamba ndiko anakolala, mgeni awepo au asiwepo.

Jioni hiyo hiyo nilipangusa ukuta wa bafu kwa kiganja. Kikatoka cheupe kama nimeshika unga wa ngano. Mafundi waliojenga walikuwa wamepiga plasta nzuri kabisa, imeshika, kisha kwa kupenda usafi wakaipaka chokaa mara kadhaa. Nikamwambia Nyambu chokaa yote itolewe. Akwangue, kisha aigongegonge plasta kwa tindo na nyundo ili iwe na vidonda vidonda vya kushikia, aioshe, aiache ikauke. Nilimwona uso unamshuka. Yeye alikuwa amekuja na picha kichwani ya ukuta mweupe unaong'aa, na mimi namwambia auharibu ulio mzuri.

Tena kulikuwa na shubaka. Alitaka shubaka ukutani la kuwekea sabuni na taa, kama lile la bafu la wageni kule Voi, na alikuwa ameshachora mahali kwa mkaa, usawa wa bega lake. Nikamwambia asubiri hilo mpaka nirudi, kwa sababu nilikuwa na kazi Mwatate ya kumalizia na ningekaa huko karibu wiki moja.

Niliporudi, alikuwa ananingoja barabarani lori linaposimama. Nikajua. Mtu ambaye kazi yake imekwenda vizuri anakungoja kwenye kazi.

Tulipokuwa tunapanda alinieleza yote. Alikuwa ameanza na shubaka. Akatoa jiwe la kwanza, likatoka vizuri, akatoa la nyuma yake, na la tatu likatoka upande wa pili wa ukuta. Akabaki anatazamana na mbuzi wa jirani. Shimo hilo lilimvunja moyo, basi akataka angalau kuonyesha kitu kizuri kabla sijarudi. Akakoroga simiti, akalaza vigae kwenye maji kama nilivyomfundisha, akaacha nafasi katikati kama nilivyomfundisha, akabandika ukuta mmoja wote juu ya chokaa. Vikashika. Kesho yake akamwita mke wake aje aone.

Mama Wakesho akaja, akasimama mlangoni. Akiwa bado amesimama, kigae kimoja cha juu kikatoka, kikagonga cha chini yake, na mstari mzima ukafuata. Alitazama mpaka kelele zikaisha, akasema neno moja la Kidawida, akarudi shambani. Nilimwomba Nyambu anitafsirie hilo neno. Hakunitafsiria mpaka akafa.

Ndani ya bafu nikaokota kigae nikakigeuza. Simiti ilikuwa imeshika mgongoni mwake vizuri kabisa, na juu ya simiti kulikuwa na ngozi nyeupe ya chokaa, imebanduka nzima. Nikamwonyesha. Simiti yake haikuwa na kosa lolote, ilikuwa imeshika chokaa kwa nguvu zote. Chokaa ndiyo haikuwa imeshika ukuta. Akachukua tindo bila kuambiwa.

Vigae vilivyosalimika vilikuwa havitoshi tena kwa kuta zote. Hilo tuliliacha kwanza. Yeye akaingia ndani kukwangua, mimi nikakaa nje, karibu na lile shimo la ukutani, nachekecha mchanga. Mchanga wa kule mlimani una udongo. Uchukue kiganjani ukiwa na majimaji, uukamate, uufungue. Ukibaki donge na kukuachia rangi mkononi, uoshe au utafute mwingine, kwa maana plasta ya udongo inapasuka ikikauka.

Mama Wakesho akaja na kikapu cha mboga, akaketi kwenye jiwe akinyoosha lile goti. Mpaka siku hiyo tulikuwa tumezungumza salamu na chakula tu. Akaniuliza kama mimi ni mtu wa Voi kabisa. Nikamwambia baba yangu alikuja kutoka Ukambani kwa kazi ya reli, na mimi nimezaliwa Voi na kukulia hapo.

"Basi huyu mtu unamjua kuliko mimi," akasema. "Mimi Voi naiona kutoka hapa. Siku isiyo na ukungu naona mpaka moshi wa treni. Wengine waume zao wako Mombasa, wako Nairobi, unasema ni mbali. Huyu alikuwa hapo chini. Alikuja Krismasi na alikuja mazishi."

Nikaendelea kuchekecha.

"Fundi, alikuwa na nyumba nyingine huko?"

Voi ya wakati ule ilikuwa mji mdogo. Kila mtu wa mtaa wetu alijua kwamba Nyambu aliwahi kukaa na mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza uji karibu na soko. Walikaa miaka kadhaa, mtoto hawakupata, kisha yule mwanamke akaenda kwa ndugu zake upande wa Mahoo na hakurudi. Nilikuwa najua hayo yote na nilikuwa nimekula mahindi ya huyu mama. Na huko ndani, sauti ya tindo ilikuwa imenyamaza. Lile shimo lilikuwa halijazibwa. Nyambu alikuwa anasikia kila neno.

"Mama," nikamwambia, "mwenyewe yuko hapo ndani. Muulize yeye."

"Atanidanganya."

"Akikudanganya, toka uniulize tena. Mimi nitakujibu."

Akanitazama, akaweka kikapu chini, akaingia. Wakasema Kidawida, na Kidawida changu kilikuwa cha sokoni tu, cha kuuliza bei ya ndizi. Nilisikia sauti ya Mama Wakesho, fupi. Kisha sauti ya Nyambu, ya chini, ikaendelea na kuendelea. Nilichekecha mchanga ambao nilikuwa nimeshauchekecha.

Mama Wakesho alitoka, akapita mbele yangu bila kuniuliza kitu, akaenda jikoni. Nikaanza kuwaza ni lori gani linaloshuka kesho. Lakini alirudi amejifunga leso kiunoni, mkononi ana panga bovu, akaingia tena bafuni akaanza kukwangua ukuta wa upande wa pili. Nilisikia tindo huku na panga kule mpaka alasiri, na vumbi la chokaa likitoka mlangoni.

Tulipokula aliniambia mwenyewe, kwa Kiswahili, mbele ya mume wake. Alikuwa akijua zamani, maana wanawake wa Mbale wanashuka Voi kuuza mboga na wana macho. Hakuwa na haja ya kuambiwa.

"Nilitaka kulisikia kwa mdomo wake," akasema. "Miaka yote hiyo wote wananiambia, isipokuwa yeye."

Nyambu alikuwa anatazama sahani yake. Akasema, kwa Kiswahili pia, nadhani ili na mimi niwe shahidi, kwamba hakuja na bafu ili kulipa. Alikuja nalo kwa sababu ndiyo kazi pekee anayoijua, na alikuwa hajui aingie vipi nyumbani mikono mitupu. Mama Wakesho alimwongeza mboga.

Kutoka hapo tukawa mafundi watatu, na niseme ukweli, aliyekuwa akiamua ni Mama Wakesho. Kwanza aliamua shubaka. Alituuliza ni nani atakayeoga humo, mgeni wa Voi anayesimama, au yeye anayeketi kwenye kigoda kwa sababu ya goti? Shubaka la begani angelifikiaje? Basi lile shimo la juu tukaliziba kwa mawe na simiti, na yeye akaketi kwenye kigoda, akanyoosha mkono, na pale vidole vyake vilipogusa ukuta ndipo tulipochora.

Sikilizeni hapa, kwa maana mashubaka mengi ya siku hizi yanavuja. Usichore shubaka kwa kupenda, lichore kwa vigae. Vipange chini sakafuni pamoja na nafasi zake, upime, kisha ukate ukuta upana huo na nyongeza ya plasta. Ukifanya hivyo utaweka vigae vizima, hutahangaika kukata vipande vyembamba kama kucha. Ondoa mawe ya juu kwa uangalifu na uweke kizingiti, hata kama ni jiwe refu tu, la sivyo ukuta wa juu utashuka kukusalimu. Ukiona umekaribia upande wa nje, acha. Na sakafu ya shubaka usiifanye sawa kabisa. Iinamishe kidogo kuja mbele, kiasi ambacho sabuni haitelezi lakini maji yanatoka. Maji yakilala ndani ya shubaka yataingia ukutani, na utakuja kuniuliza kwa nini chumba cha jirani kina ukungu.

Vigae, kwa kuwa havikutosha, aliamua viwekwe pale maji yanapogonga, kutoka chini mpaka kichwa cha mtu aliyeketi, na ndani ya shubaka lote. Juu yake ibaki plasta ya simiti iliyosuguliwa. Nyambu aliumia, alitaka kama Voi. Mke wake akamwambia kwamba akitaka Voi njia anaijua. Alisema hivyo bila hasira, na kwa mara ya kwanza nilimwona Nyambu anacheka.

Kwenye plasta ya kwanza nilimpa Mama Wakesho mwiko. Akautumia kidogo, akauweka kando, akaanza kurusha kwa kiganja kama anavyokandika nyumba ya udongo. Nilimwacha, kwa sababu safu ya kwanza haihitaji uzuri. Inahitaji kushika, na ikiwa bado mbichi unaikwaruza mistari ili ya pili ipate meno. Ya pili niliinyoosha mimi kwa ubao mrefu na timazi, Nyambu akishika ubao upande mmoja. Kona nazo zipimwe. Kona isiyo mraba huioni mpaka kigae cha mwisho, na wakati huo umechelewa.

Kisha ikaja ile kazi ambayo hakuna anayeipenda, kungoja. Plasta mpya inanyweshwa maji asubuhi na jioni, siku nyingi, ikomae bila kupasuka. Nyambu alikuwa anataka kubandika. Nikawaachia maagizo ya maji tu, nikashuka Voi kutafuta simiti nyeupe ya kujazia nafasi.

Niliporudi, plasta ilikuwa imekomaa, ngumu, haina ufa hata mmoja. Nikaenda kuweka mzigo wangu ghalani, nikakuta kitanda cha Nyambu hakipo. Nililala na mahindi peke yangu.

Kubandika kwenyewe hakukuchukua muda, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Nilipigilia ubao chini ukutani kwa pimamaji, kwa sababu sakafu ya bafu inateremka kwenda kwenye mfereji, na ukiifuata hiyo vigae vyako vitateremka pia. Safu ya kwanza ikakaa juu ya ubao, Nyambu akaendelea kupanda nayo, mimi nimekaa nje nanywa chai. Alivigonga vyote kwa mpini wa mwiko amefumba macho. Sikumbuki kumfundisha kufumba macho. Labda nami nilikuwa nimeiga kwa Athumani bila kujua.

Siku ya kuoga, Nyambu alichemsha maji, akayachanganya, akayapima kwa kiwiko, akayaingiza. Mama Wakesho akaingia na kufunga mlango. Nyambu akabaki amesimama nje wima, taulo mkononi, macho mbele. Sidhani alijua anafanya hivyo. Tulisikia maji, kisha sauti ya mke wake kutoka ndani.

"Usisimame hapo kama boi. Lete kigoda uketi, tuongee."

Akaleta kigoda. Nami nikaenda kufunga vyombo vyangu.

Nilipokuja kuaga, Mama Wakesho alikuwa anaanika leso. Alinifungia ndizi na mahindi, akaniuliza kazi yangu nyingine iko wapi. Nikamwambia nimeitwa Taveta, kuna nyumba ya mwenye shamba, kazi ya miezi. Akaniuliza mke wangu yuko Taveta? Nikasema hapana, yuko Miasenyi, anauza chai kwa madereva wa malori barabarani. Akauliza ni lini nilipita huko. Nikaanza kuhesabu kichwani na nikaona hesabu inazidi kuwa ndefu. Yeye hakungoja jibu, aliendelea kuanika.

Nilipofika Mwatate, lori la Taveta lilikuwa limesimama, dereva ananijua, ananiita nipande. Nikamwambia awaambie wanisubiri au watafute fundi mwingine. Nikachukua la kushuka Voi, na kutoka Voi nikapata jingine la njia ya Mombasa.

Mke wangu alikuwa ameketi kwenye benchi anamimina chai. Aliniona nashuka na vyombo vyangu vyote, akaweka birika chini.

"Kumeharibika nini?" akauliza.

Nikamwambia hakuna kilichoharibika. Akanitazama, akamwangalia dereva aliyenileta, akanitazama tena. Kisha akasogea kwenye benchi, akanipa nafasi.